‘Tamu’ haitoshi: Tunahitaji lugha ya kuhakiki vibanda na hoteli za mitaani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wahenga, na kwa mambo mengi sina ugomvi nao. Ila kuhusu chakula cha mitaani, nawapinga waziwazi. Tembea Umoja, Kayole, South C au Kawangware saa saba mchana ukiwa na njaa na hujui mtu. Kinachokuita kwanza ni bango kubwa, taa za rangi na kipaza sauti. Sahani iliyo bora huenda iko nyuma ya gereji, au juu ya ngazi nyembamba kando ya duka la mitumba, au kwenye kibanda cha mabati kisicho na jina. Wanaoijua ni fundi wa magari, makanga wa matatu na mwalimu wa shule ya jirani. Kizuri cha mtaani hakijiuzi. Huuzwa na midomo ya watu.

Basi kama ni midomo inayouza, tuichunguze inasema nini. Dai langu katika ukumbi huu leo ni kwamba inasema machache mno. Si kwamba Kiswahili ni maskini. Ni kwamba maneno yake ya kuhukumia chakula tumeyaacha stoo, na anayeumia ni mlaji mwenye shilingi chache na mpishi hodari asiyejulikana.

Sikiliza tunavyoelekezana. “Hapo kwa mama ni kutamu.” “Chapo zao ni moto.” “Nyama yao iko fiti.” “Enda hapo, utanishukuru.” Kauli hizi zina uchangamfu wa mtaa na sitaki kuzifuta. Hata hivyo, hazina habari. Neno “tamu” katika Kiswahili hutumika kwa muwa, kwa wimbo, kwa hadithi, kwa usingizi na kwa maneno ya mchumba. Ukiniambia maharagwe ni matamu, sijui kama yameiva vizuri, kama yametiwa nazi, kama nyanya imezidi, au kama ulikuwa na njaa tu siku hiyo. Mwenye njaa hana miko, na wala hana uhakiki.

Kwa upande mwingine, tunao wahakiki wa chakula wanaoandika na kurekodi. Wengi wanaoandika huandika kwa Kiingereza, na miguu yao haivuki lango la maduka makubwa. Tukisoma makala yao tunajua viti vilikuwa vya rangi gani na dirisha lilitazama wapi. Wale wa video nao wamefika kibandani, na kwa hilo nawapa heko. Lakini tazama wanachofanya: wanakata kipande, wanafumba macho, wanatikisa kichwa, kisha wanasema, “Aki hii ni noma!” Uso umefanya kazi ambayo lugha ilipaswa kuifanya. Picha ikizimwa, hatubaki na sentensi hata moja ya kumpelekea jirani.

Neno lenyewe “uhakiki” lingetusaidia tukilitazama vizuri. Ni ndugu wa “hakika” na “haki”. Kuhakiki jambo ni kulichunguza mpaka ujue ukweli wake, kisha ulitendee haki kwa kusema ulichokiona. Shuleni tumelifungia neno hili ndani ya fasihi. Mwanafunzi wa sekondari anajua kuchambua maudhui, wahusika na mtindo wa riwaya au tamthilia. Mpe sahani ya pilau umwambie aihakiki, atakuandikia kwamba ni tamu sana na ilimfurahisha mno. Hii maana yake ni kwamba tumefundisha uhakiki kama somo la kupitia mtihani, hatukuufundisha kama tabia ya macho, pua na ulimi.

Tuanze na majina ya mahali penyewe, maana huko ndiko mkanganyiko unakoanzia. Hapa Kenya, “hoteli” ni jengo la ghorofa ishirini lenye vitanda na bwawa la kuogelea. “Hoteli” pia ni chumba kimoja chenye meza mbili, benchi na birika la chai. Mgeni akiambiwa “tukutane hotelini” anaweza kuvaa tai bure. Tunalo neno “mkahawa”, ambalo mzizi wake ni kahawa, na ambalo wenzetu Watanzania hulitamka “mgahawa”. Vitabuni tunalitumia sana, mdomoni mara chache. Tunacho “kibanda”, ambacho vijana wamekitia mkia kikawa “kibandaski”, na mkia huo umekipa heshima ya utani: mtu wa ofisini anaweza kusema anaenda kibandaski bila kuona haya. Tanzania wana “mama ntilie”, jina lililotokana na ombi la mteja kwamba atiliwe chakula. Baadaye likapatikana la adabu zaidi, “mama lishe”, na mwenzake “baba lishe”.

Kwa nini nahangaika na majina? Kwa sababu kila jina hubeba kipimo chake. Kibanda hakihukumiwi kwa kitambaa cha meza. Kinahukumiwa kwa chapati inayotoka kwenye kikaango mbele ya macho yako, kwa maji safi ya kunawa, na kwa mzunguko wa haraka wa chakula. Sufuria inayokwisha saa nane mchana ni ushahidi kwamba kesho kitapikwa kipya. Sufuria ambayo haikwishi ina hadithi nyingine. Mkahawa wenye meza kumi na mhudumu aliyevaa sare una deni kubwa zaidi kwa mteja, kwa kuwa bei yake ni kubwa zaidi. Anayeviita vyote “hoteli” kisha akavipa nyota kwa kipimo kimoja amekidhulumu kibanda na kuupendelea mkahawa.

Majina ya vyakula nayo yanadai usahihi. Mpunga uko shambani. Ukikobolewa unakuwa mchele. Ukipikwa unakuwa wali. Watu wa pwani hawachanganyi hata siku moja, ilhali bara tunaagiza “mchele na maharagwe” kana kwamba tunataka kutafuna punje mbichi. Ubaoni nako kumeandikwa “rice”, tatizo likakimbiwa badala ya kutatuliwa. Ama “nyama choma”, hiyo nimeshaacha kuigombea. Sarufi ingetaka “nyama ya kuchoma”, lakini mlaji ameshaamua, na sahani imeshafika mezani. Lugha inayoliwa kila siku huumbwa na waliaji wake.

Sasa twende kwenye ladha, ambako stoo yetu imejaa na mlango umefungwa. Mchuzi uliopata chumvi na viungo vya kutosha umekolea. Uliokosa ladha ni chapwa, au dufu. Chakula kilichochemshwa kwa maji bila mafuta wala viungo ni cha chukuchuku, na si kosa kukipika hivyo. Ni kosa kukiuza kwa jina la mchuzi wa viungo. Wali ambao punje zake zimeachana umechambuka. Ulioshikana kwa maji mengi ni bokoboko. Tandu la chini lililokauka na kubanikika ni ukoko, na wapo wanaougombania. Chakula cha jana ni kiporo, na kikiwa kimelala usiku kucha ni mwiku. Samaki ambaye hakusafishwa vizuri ana shombo. Ndizi ambayo haijakomaa huacha ukakasi ulimini. Maziwa yaliyoganda huwa na uchachu, na uchachu si uchungu, wala uchungu si ukali. Kila neno hapa hutenganisha kitu na kingine. Hiyo ndiyo kazi ya maneno.

Nitoe mfano. Chukua sahani moja ya pilau ya mtaani na uiandikie tahakiki mbili. Ya kwanza: “Pilau yao ni tamu sana, huduma poa, bei sawa. Pendekezo langu, nendeni.” Ya pili: “Wali umechambuka vizuri. Rangi ya hudhurungi imetokana na vitunguu vilivyokaangwa polepole, haikutokana na unga wa pakiti. Bizari nzima na iliki zinasikika, ila karafuu imezidi kidogo na hufunika ladha ya nyama. Nyama yenyewe imeiva, vipande ni vidogo. Kachumbari ilikatwa mapema ikatoa maji. Fika kabla ya saa saba. Baada ya hapo utakuta iliyo chini ya sufuria.” Tahakiki ya pili si ndefu sana, wala haina msamiati wa kutisha. Lakini nikiisoma naweza kuamua. Asiyependa karafuu atapita. Mpenda ukoko atachelewa makusudi. Na mpishi akiisoma atajua la kurekebisha, kitu ambacho “tamu sana” haikumpa.

Kinachonishangaza ni kwamba wauzaji wetu wanao usahihi huu tayari. Muulize mama mboga maharagwe, hatakupa “maharagwe”. Atakuuliza: rosecoco, nyayo, wairimu au mwitemania? Atakwambia yapi yanaiva haraka na yapi yanatoa mchuzi mzito. Kwenye viazi atakutajia shangi, ambavyo huiva upesi na kupunguza gharama ya makaa au gesi. Kwenye mchele atatenganisha pishori ya Mwea na sindano, na mnunuzi mzoefu atanusa kiganja kabla ya kulipa, kwa sababu si kila gunia lililoandikwa pishori ni pishori tupu. Kwenye maembe ya pwani kuna ngowe na boribo. Vipimo vyake pia havina utata: gorogoro, nusu, robo, fungu. Huyu hakusomea isimu. Mkate wake unategemea kutofautisha, kwa hivyo anatofautisha. Mhakiki anayeandika “viungo vilikuwa fresh” amepitwa na muuza maharagwe.

Vivyo hivyo kwa duka la nyama, ambalo sisi huliita bucha au buchari. Anayetafuta bucha nzuri mtaani hatazami rangi ya ukuta. Anatazama muhuri wa mkaguzi kwenye mnofu, kioo na waya vinavyozuia nzi, ubao wa kukatia na mizani. Anauliza mzoga uliingia lini. Anataja sehemu: mbavu, paja, mguu wa mbele. Anayesema tu “nipatie nyama nusu” atapewa kile ambacho wengine wamekikataa.

Kila mtaa pia una lugha yake ya mezani, na anayetaka kula vizuri lazima aisome. Katika soko la Kariokor, jina ambalo asili yake ni kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambalo ni ndugu wa Kariakoo ya Dar es Salaam, utachagua kipande kikiwa bado kinaning’inia, kitapimwa, kitachomwa, kisha kitakatwa juu ya ubao mbele yako. Kenyatta Market nako moshi wa nyama umechanganyika na vibanda vya kusuka nywele, na hakuna anayeona ajabu. Hapa mhakiki anahitaji maneno ya moto: nyama iliyochomwa taratibu ikaachwa iive kwa ndani ni tofauti na iliyobabuka nje ikabaki na damu katikati.

Ukivuka hadi Eastleigh, kamusi inabadilika. Utaletewa wali pamoja na ndizi mbivu, na mgeni huiweka ndizi pembeni akidhani ni kitindamlo. Wenyeji huila pamoja na wali, na utamu wake hutuliza pilipili. Kuna anjera asubuhi, nyama na maziwa ya ngamia, na kuna “suqaar”, vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa, ambavyo havina uhusiano wowote na sukari. Parklands, pale Diamond Plaza na viunga vyake, msamiati ni wa Kihindi, na mwingi wake tulikwisha kuukopa zamani: chapati, bajia, achari. Hata “duka” lilitujia kutoka Kiarabu na leo hatuoni ugeni wake. Kwa hivyo sitamlaumu anayeandika “suqaar” au “anjera” katika Kiswahili chake. Kukopa jina la kitu ambacho huna ni desturi ya lugha hii. Kinachonikera ni kukopa “delicious” ilhali “kukolea” lipo.

Najua kuna watakaonijibu kwamba ladha ni ya mtu binafsi, na kwamba chakula ni cha kula, si cha kuchambuliwa. Hoja ya kwanza ni nusu ya ukweli. Kupenda karafuu ni hiari yangu. Kwamba karafuu imezidi nyama ni jambo tunaloweza kulijadili tukiwa wawili na sahani moja. Hoja ya pili hukanushwa na wasemaji wenyewe. Nenda uketi na wanawake wa pwani harusini baada ya biriani kupakuliwa. Utasikia uhakiki usiosamehe: nani aliunga rojo, nani aliharakisha moto, nani alibania zafarani. Tatizo si kwamba Waswahili hawahakiki chakula. Tatizo ni kwamba uhakiki huo unabaki jikoni, hauandikwi, na huku bara umepotea kabisa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na silipuuzi. Kibanda ni kitu dhaifu. Mwenyewe hana akiba wala wakili. Neno moja baya likisambazwa kwenye simu linaweza kumfungia biashara. Sifa nayo ina hatari zake. Wahenga wale wale walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila mtaa una mahali ambapo sahani ilipungua wiki ile ile jina lilipovuma. Umaarufu wa ghafla unaweza kuleta foleni inayowafukuza wateja wa kila siku, mwenye ploti akapandisha kodi, na kanjo akakumbuka kwamba kuna kibanda kando ya barabara.

Je, basi tunyamaze? La. Kunyamaza ni dharau iliyovaa nguo ya huruma. Anayesema “ni chakula cha kibanda tu, usikikosoe” anamaanisha kwamba mpishi huyo hana kiwango na mlaji wake hastahili kiwango. Mimi nasema ana kiwango, na mara nyingi kinaupita ule wa hoteli yenye mapazia. Kinachotakiwa ni adabu ya uhakiki. Hakiki chakula, usimhakiki mtu. Kula zaidi ya mara moja kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa kila jiko lina siku mbaya. Kasoro ndogo mwambie mwenyewe kwanza, kwa heshima: “Mama, leo chumvi imetupita kidogo.” Kasoro ya usafi usiifiche, maana hiyo ni afya ya watu. Na ukisifu, taja unachosifu. Mgema aliyeambiwa “tembo lako halina uchachu uliozidi, na limechujwa vizuri” anajua ni nini hasa wateja watakikosa siku akitia maji. Sifa jumla humlevya. Sifa mahususi humfunga.

Nina maombi mawili. Walimu wa Kiswahili, mbali na insha za methali na barua rasmi, wapeni wanafunzi kazi ya kuandika tahakiki ya maneno mia mbili kuhusu mahali wanaponunua mandazi. Mpigeni marufuku mtu kutumia “tamu”, “nzuri” na “safi”. Mtashangaa ni maneno mangapi yatalazimika kutoka usingizini, na ni mangapi mapya watoto watawaletea kutoka mtaani, yakiwemo ya Sheng ambayo siku moja kamusi zitayapokea. Wahariri nao, tutengeeni safu fupi ya vibanda na maduka ya mitaani, kwa Kiswahili, yenye saa, bei na sababu.

Nawe msomaji, hakuna haja ya kungoja mwalimu wala mhariri. Mtu akikuelekeza mahali pa kula, usikubali “huko ni kutamu” ukainuka kwenda. Muulize: kitu gani hasa? Kimepikwaje? Saa ngapi? Kina kasoro gani? Asipoweza kujibu la nne, hajala hapo mara za kutosha.